Mwenye Korona Ndiye Mwenye Mkonge

Iko desturi iliyozoeleka katika taarifa na hotuba zihusuzo mikoa yetu, nayo ni desturi ya kuhesabu nguzo. Mkoa hutajwa, kisha hufuatwa na orodha ya kazi ziuendeshazo: zao hili, madini yale, bandari, utalii. Kila nguzo huvikwa idadi ya tani zake, na msomaji huachwa aamini kuwa ameujua uchumi wa mahali kwa sababu ameambiwa kinachotoka mahali hapo. Makala haya yanaipinga desturi hiyo. Dai lake ni fupi: orodha ya nguzo haituambii neno la maana mpaka ituambie ni nani mwenye mashine ambayo zao halina budi kuipitia kabla halijaharibika. Kwa ushahidi nauchukua Mkoa wa Tanga, ambao kwa zaidi ya karne moja umesifiwa kwa nguzo moja, ukainuka nayo, ukaanguka nayo, na sasa waambiwa uegemee nyingine.

Mkonge si mwenyeji wa Tanga. Uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, na iliyowasili ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka ule ule ujenzi wa reli ulianza mjini Tanga kuelekea bara, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza reli ilikuwa imekwisha fika Moshi. Kutokana na miche ile michache na reli ile moja yalizaliwa mashamba yaliyofunika mabonde ya Korogwe, Muheza na Pangani, yakaenea hata Morogoro na Kilimanjaro. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, mkonge ndio uliokuwa zao la kwanza kwa kuiletea fedha za kigeni. Mwaka 1964 mavuno yalifika tani zipatazo 230,000, na Tanzania ikahesabiwa ya kwanza duniani. Watu wakauita mkonge dhahabu ya kijani, na jina hilo halijafutika mpaka leo.

Kisha ikaja kamba ya plastiki, nyepesi na rahisi, na bei ya mkonge ikashuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yaliingia mikononi mwa serikali. Miaka thelathini hivi baadaye, yakiwa yamechakaa, yakauzwa tena kwa watu binafsi. Mwishoni mwa karne ya 20 mavuno ya nchi nzima yalikuwa tani 20,000 hivi, kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya yale ya mwaka 1964, na Brazil ikakalia kiti kilichoachwa wazi. Katika miaka ya 2020 mavuno yameinuka tena, na juhudi iliyoyainua yastahili shukrani. Lakini hata nusu ya kimo cha zamani hayajafika.

Anguko hili limepata waelezaji wengi. Mmoja huilaumu plastiki, wa pili hulilaumu Azimio, wa tatu humlaumu mfanyakazi. Kila mmoja ameshika ukweli kidogo, isipokuwa yule wa tatu, ambaye ameshika uvivu wake mwenyewe wa kufikiri. Hata hivyo hakuna hata mmoja kati yao aulizaye swali lililo karibu zaidi: kwa nini kushuka kwa bei moja kulilaze mkoa mzima kitandani? Mikoa mingine duniani imeona mazao yake yakishuka bei, ikayumba, ikasimama. Tanga haikuyumba, ilianguka. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mkonge ulikuwa katika Tanga, bali haukuwa wa Tanga.

Mwalimu wa lugha hana mizani ya mchumi, lakini anayo mizani yake mwenyewe, nayo ni maneno. Tuyapime maneno yaliyozaliwa mashambani. La kwanza ni manamba. Mtu huyu aliitwa hivyo kwa kuwa aliandikwa kwa namba. Alitoka Kigoma, Songea, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi maalumu ya kumkusanya, iliyojulikana kwa jina la Silabu. La pili ni kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyotimizwa, siku 30 zikikamilika ndipo mshahara ulipwe. La tatu ni korona, mashine ya kusaga jani na kulitoa nyuzi, jina lililotokana na mashine ya Kijerumani na kukaa Tanga muda mrefu kabla maradhi ya mwaka 2020 hayajalitia hofu. La nne ni singa, ndizo nyuzi zenyewe. La tano ni brashi, zinaposuguliwa zikang'aa. Na la sita ni robota, furushi lililoshindiliwa tayari kwa meli.

Hapo msamiati wakoma. Maneno ya kusokota na kufuma yamo katika Kiswahili tangu kale, lakini hayakupata kuwa maneno makuu ya shamba la mkonge, kwa sababu kazi zenyewe aghalabu zilifanywa ng'ambo. Na tutazame zaidi: katika maneno yote sita hakuna hata moja limtajalo mtenda kazi kuwa ni mwenye kitu. Wahenga walisema achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Manamba alichanika kwenye mpini. Hakufa njaa, bali hakushiba, wala hakuwarithisha watoto wake kitu. Lugha haikusahau kumpa jina la mwenye mali. Haikuwa na wa kumpa.

Katika maneno hayo, moja linabeba mzigo wa mengine yote, nalo ni korona. Asiyejua kazi ya mkonge aweza kudhani kuwa utajiri wa zao hili umo ardhini au mkononi mwa mkataji. Haumo. Jani likisha katwa halingoji. Likicheleweshwa zaidi ya siku moja au mbili hukauka, utomvu wake hugandamana na nyuzi, na singa zake huharibika. Tena jani ni zito, na katika uzito wake singa hazizidi sana sehemu 4 katika 100. Zilizobaki ni maji na makapi. Hakuna mtu mwenye akili atakayelisafirisha mwendo mrefu ili akauze maji. Kwa hiyo jani lina soko moja tu, nalo ni korona iliyo karibu. Wachumi husema bei ya mkonge huwekwa na soko la dunia, nami sikatai kuwa bei ya singa huwekwa huko. Lakini bei ya jani huwekwa mlangoni pa korona. Wahenga wetu walikwisha lisema jambo hili kwa njia yao: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye ng'ombe.

Leo tunaambiwa kuwa mambo yamebadilika, kwa kuwa mkonge sasa walimwa na wakulima wadogo. Ni kweli kuwa wapo. Katika Wilaya ya Korogwe, huko Magoma, Hale, Ngombezi, Mwelya na Magunga, wakulima wana vipande vyao vya ardhi ya mkonge na vyama vyao vya ushirika, na hilo ni jambo jema ambalo mababu wa manamba hawakuliota. Mkulima huyo hupewa moyo apande zaidi, hupewa miche, husifiwa katika mikutano. Lakini na tuulize tena swali letu: akisha kata jani lake, alipeleka wapi? Ikiwa korona ni yake yeye na wenzake, basi ni mkulima. Ikiwa ni ya mwingine, naye hana budi kungoja zamu, kukubali makato asiyoyahesabu mwenyewe, na kutazama jani lake likikauka wakati mashine imeharibika, basi yeye ni manamba mwenye shamba. Tena hali yake ina hatari ambayo manamba wa zamani hakuwa nayo, kwa maana manamba hakubeba hasara ya jani lililokauka. Hasara hiyo ilikuwa ya bwana.

Pengine msomaji atasema kuwa haya ni maumbile ya mazao yaharibikayo upesi, wala hayana dawa. Namwomba ayatazame maziwa. Hakuna kitu kiharibikacho upesi kuliko maziwa katika joto la pwani. Tangu miaka ya 1990 wafugaji wadogo wa Tanga, wengi wao wenye ng'ombe mmoja au wawili bandani, walijiunga katika vyama vya msingi, na vyama hivyo vikaunda chama kikuu. Maziwa yakakusanywa katika vituo vyenye matangi ya kupozea, yakapelekwa kwenye kiwanda kilichoanzishwa mjini Tanga, na ushirika wao ukawa na hisa ndani ya kiwanda hicho. Sisemi kuwa wafugaji hao wametajirika, wala kuwa hawana malalamiko. Nasema tu kwamba mtu aletaye maziwa penye hisa zake huuliza maswali ambayo mtu aletaye jani kwenye korona ya mwingine hathubutu kuyauliza. Yeye huuliza hesabu. Na mahali watu waulizapo hesabu, uchumi umeanza kuwa wao. Maziwa na jani la mkonge yana udhaifu mmoja na haraka moja. Tofauti yake imo katika milki ya chombo cha kuyaokoa.

Kinyume chake kimo Muheza, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Msimu wa machungwa unapofika, matunda hujaa njiani, na wafanyabiashara, wengine kutoka Kenya, huyanunua shambani kwa bei waitakayo wao, maana mwenye mchungwa ajua kuwa mnunuzi aweza kungoja wiki mbili na chungwa haliwezi. Mchungwa huo huandikwa katika orodha ya nguzo za mkoa. Ni nguzo, naam, lakini paa lililo juu yake ni la nyumba ya jirani.

Watasimama wapinzani watatu. Wa kwanza atasema kuwa mashine ni ghali, na asiye na mtaji amwachie mwenye mtaji. Namjibu kuwa mkulima wa mkonge anao mtaji, ila hauhesabiwi. Mkonge hungojewa miaka mitatu hivi kabla ya jani la kwanza kukatwa. Kwa miaka hiyo yote mkulima amezika humo ardhi yake, palizi yake na njaa yake. Mtu akiweka fedha yake miaka mitatu bila faida huitwa mwekezaji na hupewa kiti cha mbele. Akiweka jasho lake kwa muda ule ule huitwa mnufaika. Mwenye mtaji na aje, apate haki yake; lakini aje kuwa mshirika wa watu wenye hisa, asije kuwa lango ambalo kila mtu hulipita ameinamisha kichwa.

Wa pili atasema kuwa jambo hili lilikwisha jaribiwa baada ya mwaka 1967 likashindwa. Huyu amechanganya vitu viwili. Kilichojaribiwa ni korona kutoka mkononi mwa kampuni kwenda mkononi mwa shirika la serikali. Mkataji alibaki mkataji, kipande kikabaki kipande, na maamuzi yakahama kutoka ofisi moja ya mbali kwenda ofisi nyingine ya mbali. Kumbadilishia punda mpandaji si kumfungua. Milki ya wakulima wenyewe haikushindwa katika mkonge wa miaka hiyo, kwa kuwa haikuwapo.

Wa tatu atasema kuwa ninachokitaka ni viwanda, na kwamba Tanga imewahi kuwa navyo vikafa. Hilo ni kweli, nalo lanisaidia. Mwaka 1972 kilifunguliwa Tanga kiwanda cha mbolea ambacho malighafi zake kubwa zililetwa kwa meli kutoka nje. Kilitoa moshi wake kwa miaka kadhaa kisha kikasimama. Kiwanda hicho hakikuwa na mizizi ardhini wala wenyewe kijijini. Mkulima wa Handeni hakupoteza hisa kilipofungwa, kwa hiyo hakukilinda. Ukitazama upande wa pili, saruji iliyoanza kutengenezwa Pongwe katika miaka ya 1980 yatokana na chokaa ya mawe ya papo hapo, nayo imedumu. Basi sisifu kila bomba la moshi. Nasema kiwanda kifaacho ni kile kilichofungwa kwa kamba mbili: moja kwa kitu kipatikanacho mahali, na ya pili kwa watu wakipatishao.

Wala korona si chuma peke yake. Elimu nayo ina korona yake. Katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Wilaya ya Muheza, ilizalishwa mbegu ya mkonge ijulikanayo kwa nambari 11648, yenye majani mengi kuliko mkonge wa zamani. Mbegu hiyo ilivuka bahari ikaenda China, ikawa msingi wa mashamba ya huko. Na viwanda vya China, baada ya kusokota singa za mashamba yao, hununua na zetu. Tanga ikatoa mbegu, ikatoa na singa, kisha ikanunua kamba. Kadhalika yale makapi yaliyo zaidi ya sehemu 90 katika 100 za jani: katika muongo wa kwanza wa karne hii ilionyeshwa Hale kuwa yaweza kutoa gesi na umeme. Jambo lililothibitishwa mlangoni petu lilistahili kuwa desturi ya kila korona; halijawa.

Sasa nguzo mpya zimesimamishwa. Bandari ya Tanga, ambayo kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ikabebwa kwa matishari, imechimbwa kina na kupewa gati refu zaidi. Huko Chongoleani liliwekwa mwezi Agosti mwaka 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake zimo Tanzania. Katika hisa za bomba hilo TotalEnergies ya Ufaransa ina sehemu 62 katika 100, shirika la mafuta la Tanzania na lile la Uganda kila moja lina 15, na CNOOC ya China ina 8. Mafuta hayo hayasafishwi Tanga. Yapita Tanga. Hotuba zimekwisha anza kuyahesabu kuwa nguzo ya mkoa, na vijana wa Tanga wameanza kuyangojea kama babu zao walivyongojea msimu wa Silabu.

Mimi si adui wa bomba wala wa bandari. Mlango ni kitu chema, na nyumba isiyo na mlango ni kaburi. Lakini mlango si nyumba, na mlinzi wa mlango hali chakula kinachopita, ila akikatiwa fungu lake kwa mapatano yaliyoandikwa. Kazi ya kulifukia bomba ni ya miaka michache. Kazi ya kulilinda ni ya watu wachache. Tukiliandika bomba katika orodha ile ile, kwa mtindo ule ule wa kuhesabu mapipa kama tulivyohesabu tani, tutakuwa tumejiandalia machozi yale yale kwa jina jipya.

Basi nini kifanyike? Nataja mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wa watu walio hai. Kwanza, vyama vya wakulima wa mkonge vipewe mkopo wa korona kabla ya kupewa sifa ya kupanda, na shamba jipya lisifunguliwe mpaka ijulikane jani lake litasagwa wapi na kwa makato gani. Pili, kila kiwanda kijengwacho kwa zao la wakulima wadogo kiwatengee hisa, nao wasomewe hesabu kila mwaka kwa Kiswahili kinachoeleweka, si kwa karatasi za lugha ngeni zinazopungwa hewani kisha zikafungiwa kabatini. Tatu, taarifa za mikoa ziongezewe safu. Kando ya safu ya tani iwepo safu isemayo: hatua ngapi za kazi ya kitu hiki zafanyika mkoani, na chombo cha kila hatua ni mali ya nani.

Safu hiyo haigharimu hata shilingi moja, ila yahitaji ujasiri, kwa sababu siku itakapojazwa kwa ukweli, nguzo nyingi zitaonekana kuwa ni miti iliyoegemezwa ukutani pa mtu mwingine. Na wakulima wa Korogwe hawahitaji kuingojea taarifa hiyo. Mkutano wa chama chao ujao waweza kuanza na swali moja, kabla ya habari za miche na za mvua: korona hii ni ya nani, na sisi tutaipata lini?